Uliuliza Masalu Ana Akili Gani

Mtaa wa Somanda,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 18 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Sylvester,

Mwangaluka. Nakuamkia ya asubuhi kwa sababu nimeanza kuandika kabla ya misa ya pili, ila najua utaisoma jioni ukitoka kazini, kwa hiyo pokea na mwadila kabisa. Hujambo? Wifi yangu Lucy amepata nguvu? Mtoto ananyonya vizuri? Ile picha yake nimewaonyesha wateja wote wa mgahawa wangu, hata waliokuja kunywa chai tu na kuondoka. Mwanne fundi cherehani anasema pua ni ya kwetu. Nimekubali, maana pua ile haina kwingine kwa kutokea.

Sisi huku ni wazima. Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja, lakini pamba ya baba kule Nkololo imepona na imeanza kupasuka. Mama anakohoa kidogo asubuhi, na ukimwambia aende hospitali anasema ni vumbi. Baba ndiye baba. Anapanga kila mtu isipokuwa ng'ombe wake, ambao hawamsikilizi.

Barua hii anakuletea Imrani, yule mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Anakuja Mtwara kwa mambo yake ya korosho. Nimemfungia na michembe ya viazi, ile uliyokuwa unaiba jikoni kwa mama, mpikie Lucy na umwambie isukumwe na chai ya maziwa. Usishangae dada yako kushika kalamu zama hizi. Nikikupigia simu, jina la kaka yako Masalu likinitoka tu, unaniambia mtandao unasumbua. Mtandao wa Mtwara unajua sana kuchagua majina. Karatasi haina mtandao, na Imrani nimemwambia asiondoke hapo kwako mpaka akuone umefika mwisho.

Sasa kaa chini kwanza. Mwanao Luhaga ni mzima. Alikuwa na ugonjwa wa jicho la kulia, amefanyiwa operesheni Mwanza, na jicho linaona. Nimeliweka hili huku juu ili usisome yaliyobaki roho ikiwa mkononi. Lirudie tena, linaona, kisha nikusimulie.

Mwezi Machi uliniuliza kwa ukali kwamba huyo Masalu ana akili gani ya kuitwa kocha mkuu wa chuo. Ilikuwa jioni ile timu yake ilipofungwa bao moja hapa nyumbani, na mwanao amekaa benchi mwanzo hadi mwisho. Mpira mimi nilikuwa naujua kwa kelele zake tu, na Masalu nilikuwa nimemkasirikia kama wewe. Leo jibu ninalo, tena ni refu, basi vumilia.

Mambo yalianzia shambani. Unakumbuka Septemba Luhaga alikwenda Nkololo kumsaidia babu yake kung'oa masalia ya pamba yachomwe kabla mabwana shamba hawajapita. Mti mmoja ulimshinda, akauvuta kwa nguvu zake zote, ukatoka ghafla na kijiti kikamchapa jichoni. Jicho liliwaka jekundu, mama akamwosha kwa maji safi, na baada ya muda likatulia. Akarudi chuoni, na hakuna aliyelitaja tena. Kumbe ndani lilikuwa linaendelea na mambo yake kimyakimya.

Kuanzia mwaka mpya ukungu ukaanza kulifunika. Luhaga hakusema. Unamjua mwanao, ni mtoto wako mtupu. Akiwa na homa anasema ni jua.

Sasa Masalu ana desturi moja ambayo ilinichekesha sana mwanzoni. Mechi ikichezwa, watu wote wanauangalia mpira, na yeye hauangalii. Anawaangalia wale ambao mpira hawana. Nilimwuliza siku moja kama anajua nani kafunga, akanijibu kwamba goli atalisikia tu, uwanja mzima utampigia kelele, lakini yule aliyesimama vibaya hakuna atakayempigia kelele. Niliona ni maneno ya mtu mwenye shingo ngumu. Sasa naona ndiyo kazi yenyewe.

Kila Jumamosi baada ya mazoezi huwaleta vijana wake hapa mgahawani wanywe chai na chapati. Anakaa nao meza moja, anakula wanachokula, na mambo ya mpira hayazungumzi mpaka sahani ziwe tupu. Jumamosi moja Luhaga alichukua chupa ya chai akamimina. Chai yote ikaenda mezani, kikombe kikabaki pembeni kikavu. Vijana walicheka mpaka wakapiga meza, nami kama kawaida yangu nikamwambia amwombe binti aliyemwibia macho amrudishie. Aliyekuwa hacheki ni Masalu peke yake. Alichukua kitambaa, akafuta meza, akakirudisha kikombe palepale, akamwambia amimine tena. Ikamwagika tena, upande uleule. Kabla vijana hawajaamua kama hilo nalo ni la kuchekesha, Masalu akamgeukia Joakim, nahodha wao, akaanza kumgombeza juu ya kona za siku ile. Wote wakageukia kona, na chai ikasahaulika. Mimi mwenyewe sikuelewa kilichopita mbele ya macho yangu.

Lakini yeye alikuwa na lingine kichwani. Wewe unajua Luhaga ni mtu wa mguu wa kushoto tangu akichezea mpira wa makaratasi. Winga ya kushoto ndiyo kwake. Mwezi Januari alikwenda mwenyewe kuomba ahamishiwe kulia. Mashabiki wakaona amekomaa, anataka kuingia ndani na kupiga kwa mguu wake wenye nguvu. Mkufunzi Josia, anayemsaidia Masalu, akafurahi sana. Masalu akakubali, lakini kitu kikawa kinamkereketa. Baada ya ile chai akaelewa. Ukisimama upande wa kulia wa uwanja, kulia kwako kuna mstari na watazamaji tu. Mpira, wenzako na beki anayekuja kukuvunja, wote wanatokea kushoto. Mwanao alikuwa amehamia upande ambao jicho moja linatosha.

Jumatatu yake alimbakiza uwanjani wenzake walipoondoka. Akamwambia afunike jicho la kushoto kwa kiganja, amtajie ni nani yule anayepita kule golini. Luhaga alifunika, kisha akakaa kwenye nyasi akalia. Masalu aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya ukocha hajawahi kuumia kama alivyoumia kumwona kijana mrefu vile analia amefunika jicho moja.

Luhaga akamwomba asikuambie. Alisema watu wa klabu moja ya ligi wanakuja kumtazama mechi ya Machi, na wewe umeshawatangazia Mtwara nzima. Mama yake ana ujauzito mkubwa na presha inampanda. Akaapa kwamba baada ya mechi ile atakwenda hospitali mwenyewe. Hapo ndipo Masalu alipomwambia maneno ambayo Luhaga mwenyewe amenirudia zaidi ya mara moja: "Mimi nitanyamaza kama unavyotaka. Lakini wewe hutacheza."

Kesho yake akampeleka hospitali hapa Bariadi. Daktari akaangalia kwa taa yake akasema ni mtoto wa jicho, ule ambao sisi tunajua ni wa wazee, umeletwa na kile kijiti. Akaeleza kwamba lazima aende Mwanza, akaandikiwa tarehe ya Aprili, akaonywa asipigwe na chochote kichwani na asitie kitu jichoni. Kijana akirukia mpira wa kichwa na jicho lile, alisema, anaweza kulipoteza moja kwa moja. Mambo yote haya mimi nilikuwa siyajui, nikipika wali wangu.

Basi ikaja hiyo mechi ya Machi. Nilikuwepo. Uwanja uliimba jina la Luhaga hadi koo zikakauka, na Masalu amesimama na mikono yake nyuma, anawaangalia wale wasio na mpira. Watu wa klabu wakaondoka na majina ya vijana wengine. Tukafungwa. Pale nje ya uwanja niliwasikia watu wazima wakisema kwamba Masalu ana wivu, kwamba yeye mwenyewe enzi zake aliachwa na timu kubwa, sasa hataki mtoto wa mdogo wake afike alikoshindwa. Mkuu wa chuo alimwita kumwuliza, akajibu kwamba ni uamuzi wa kocha. Nilimfuata nyumbani kwake nikamsema mbele ya mkewe Eufrasia, na ulimi wangu unaujua. Aliniletea kigoda, akanisubiri nimalize, akasema mtoto atacheza akiwa tayari. Nilimwita jiwe, nikaondoka bila kuaga.

Na wewe ukaandika kwenye kundi la familia kwamba Masalu hajawahi kupenda mwanao apande. Kisha ukajitoa kwenye kundi na namba yake ukaifungia. Sikulaumu sana, Sylvester. Mzazi akiguswa mtoto haulizi mara mbili. Ila nataka ujue kwamba maneno yale aliyasoma yuko na Luhaga pale pembeni yake, na neno moja tu lingemsafisha, na hakulisema. Luhaga akamwambia sasa mwambie baba, yaishe. Masalu akamjibu kwamba ahadi ni ya Luhaga kuivunja, si yake.

Sasa sikiliza la baba, na hapa ndipo nilipojua kwamba ukocha hauishii uwanjani.

Habari za mjukuu kukaa benchi na kukosa mipira zilimfika Nkololo. Unajua mzee alikuwa manju, kiongozi wa wacheza ngoma, na kwake kila shindano ni ngoma. Miaka yake, Wagalu na Wagika, yale makundi mawili ya ngoma, wakipangiwa siku moja kuchezea uwanja mmoja, watazamaji wakihamia kwa wenzao, basi umetupiwa kitu. Kwa hiyo hakuhangaika kufikiri. Mchezaji hodari kukosa mpira ulio mbele yake? Wapinzani wamemfunga macho. Akatuma neno Luhaga aje Jumamosi bila kukosa. Akatwanga majani yake, yale aliyokuwa akiwaosha wachezaji wake kabla ya shindano, na safari hii akapanga kuyakamulia machoni, ili kijana auone mpira kabla haujafika.

Luhaga alikwenda. Babu akikuita utasema nini? Mama ndiye aliyeona yale majani yanakamuliwa kwenye bakuli, akampigia Masalu. Hakunipigia mimi. Aliniambia baadaye kwamba mimi ningefika na kelele, mzee angekaza, na dawa ingeingia machoni palepale kwa hasira. Nilitaka kununa, lakini ni kweli.

Masalu alichukua pikipiki akafika Nkololo amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama anasema alimkuta Luhaga ameshakaa kwenye mkeka, kichwa kimeinuliwa, na mzee ana bakuli mkononi. Ungekuwa ni wewe ungelipiga bakuli teke. Mimi ningepiga yowe. Masalu alichuchumaa, akaamkia mwadila taratibu, akasubiri aitikiwe, akaulizia ng'ombe. Akaulizia na yule dume mweupe anayeumwa kwato. Mzee akalazimika kuweka bakuli chini ili amwelezee vizuri habari za kwato.

Ndipo Masalu akamwuliza swali. Enzi zako za umanju, mchezaji wako mzuri akiugua siku ya shindano, ulikuwa unamweka mbele? Mzee akamshangaa. Akasema mtu gani anayemweka mgonjwa mbele, unamficha nyuma kabisa wapinzani wasimwone, mpaka apone. Masalu akasema hivyo ndivyo nilivyofanya, baba, nimemficha. Mzee akatikisa kichwa, akakubali kwamba kumbe mwanawe hakusahau mafunzo yote.

Lakini bakuli lilikuwa bado pale, na majani ya mzee hayatupwi. Masalu akaliangalia, akasema kwa heshima zote, "Baba, huyu ni mchezaji wa miguu. Hii dawa si ungeipaka miguuni?"

Mama anasema mzee aliikazia macho miguu ya Luhaga, akaikazia dawa, akasema kweli, ngoma ni ya mwili wote ila mpira ni wa miguu. Akaipaka yote, kuanzia kwenye magoti mpaka kati ya vidole, bila kubakiza tone. Akamshukuru Masalu kwa kumkumbusha. Na mama akaingia jikoni akakaa kwenye kinu akacheka na kulia, vyote viwili.

Rangi ya majani yale haitoki upesi. Mwanao ameingia hospitali ya rufaa ya Mwanza na miguu ya kijani, Sylvester. Nesi akasimama akauliza ni ugonjwa gani tena. Masalu, uso umekauka bila hata tabasamu, akamjibu kwamba ni mambo ya timu.

Mwanza nilikwenda nao. Safari ilipokaribia ndipo waliponiambia, maana alihitajika mtu wa kumpikia. Nilimwangalia Masalu, nikakumbuka kigoda alichoniletea nikiwa namtukana. Nilimpakulia wali mwingi, na yeye alielewa.

Siku ya operesheni ndiyo siku timu yake ilikuwa inacheza na chuo kutoka Shinyanga, na ikifungwa inatoka mashindanoni. Chuo walimtaka abaki. Kulikuwa na watu waliokuwa wanangoja hilo tu wamwondoe. Alimwachia Josia na Joakim timu, akaja kukaa na mimi kwenye benchi la nje ya wodi. Wakati wa mapumziko simu ikaita. Ni Joakim, wako nyuma kwa bao moja, anauliza wafanye nini. Masalu akamwuliza yeye anaona nini. Nikasikia kijana anaeleza haraka haraka kwamba beki wao wa kushoto amechoka, akipanda anachelewa kurudi. Masalu akasema, "Basi unajua," akakata simu. Nilitaka kumpiga na mkoba. Nikamwambia wamekupigia wewe kocha, wewe unawarudishia swali? Akasema siku zote mazoezini huwauliza wanaona nini, na siku moja lazima ajue kama walikuwa wanasikia.

Walishinda mbili kwa moja. Zote mbili zilipitia upande wa yule beki aliyechoka. Josia alipopiga kutuambia, Masalu alisema tu vizuri, akarudi kuangalia mlango wa wodi.

Asubuhi daktari alipokuja kufungua bandeji nilikuwa nimeshika rozari chini ya kanga. Luhaga alifumba, akafumbua, akapepesa. Daktari akafunika jicho la kushoto, lile zima, kwa mkono wake. Kijana akanigeukia na lile lililokuwa bovu. "Sengi," akasema, maana tangu utoto hajawahi kuniita shangazi, "kilemba chako kimekaa upande."

Ninakiri nilipiga kigelegele ndani ya hospitali mpaka wagonjwa wakainuka. Masalu alitoka nje, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta, ameufunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika. Kumbe jiwe langu lilikuwa linabeba woga muda wote ule. Nilikaa naye tukalia kama watoto, na sijawahi kulia kilio kitamu kama kile. Daktari alituambia baadaye kwamba yale majani yangeingia jichoni, asingekuwa na jicho la kufungulia bandeji.

Hivi sasa Luhaga amerudi darasani. Mpira bado, daktari atamwona tena Julai ndipo aseme. Wale wa klabu hawajarudi, na sitakudanganya kwamba wameahidi kitu. Kombe nalo tulilikosa kwa penalti kwenye nusu fainali. Lakini mwanao alisimama mwenyewe paredi mbele ya chuo kizima, akaeleza kwa nini alikaa benchi na ni nani aliyemkalisha, na nasikia mkuu wa chuo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakuna tena anayetaja wivu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotaka kufundishwa na Masalu wamekuwa wengi, na wote wanakuja kunywa chai kwangu, nimeongeza benchi.

Kwa hiyo hizo ndizo akili zake, mdogo wangu. Nilidhani kocha mwenye akili ni yule anayepiga kelele na kuchora mishale kwenye ubao. Ubao Masalu anao, ila vumbi lake hata halifutwi. Yeye anaona mtu anamwaga chai. Anajua nani wa kumkalisha hata kama uwanja mzima unamzomea, na anajua mzee wa namna gani huwezi kumwambia hapana. Mengine ya mpira utamwuliza mwenyewe.

Wasalimie wote huko. Lucy mbebe kwa niaba yangu, na umwambie tulimficha kwa sababu ya ujauzito wake. Akitaka kugomba agombe na mimi, nina kifua. Mtoto mbusu puani. Baba anasema ile dawa ya miguu imefanya kazi, maana kijana amepona, na hapa hakuna anayembishia. Mama anakusalimu na kikohozi chake. Eufrasia, Joakim, Mwanne, wote wanakusalimu. Luhaga atakupigia wiki ijayo, ukishaisoma barua. Ndivyo alivyoomba, nianze mimi.

Limebaki moja. Masalu hajui kwamba nakuandikia. Juzi aliacha simu yake mezani kwangu ikiwa wazi, nami macho yangu unayajua, hayana adabu. Nikaona jina lako. Kumbe asubuhi ile ya Mwanza, alipotoka nje kabla sijamfuata, mtu wa kwanza aliyemwandikia ni wewe. Ameandika maneno mawili, "Mtoto anaona." Yana tiki moja mpaka leo. Nimewauliza vijana wa hapa kama ukimfungulia namba utayapata, wakasema hapana, yaliyotumwa ukiwa umemfungia hayafiki tena.

Basi itabidi umpigie ayaseme kwa mdomo. Usihangaike kutafuta maneno ya kuomba radhi, yeye mwenyewe hayataki, atakuulizia habari za korosho. Mwamkie tu mwadila kama mdogo mtu, kisha unyamaze, umwache kaka yako akuambie.

Mungu awafunike na kuwalinda, na yule mdogo akue mwenye macho mawili mazuri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukikata simu,

Felisita